Kabla Hamjanunua Seva Nyingine

Barua ya wazi kwa Waheshimiwa Wakurugenzi, Wahasibu Wakuu, na wote wenye mamlaka ya kutia sahihi hundi katika afisi za uwakala wa forodha, Mombasa.

Waheshimiwa,

Naomba idhini niseme nanyi hadharani juu ya jambo ambalo kwa miaka mingi nimelisema faraghani, kwa mmoja mmoja wenu, katika vyumba vya viyoyozi na kahawa nzuri, likapokewa kwa adabu kisha likasahauliwa kabla ya kikombe kupoa. Jambo lenyewe ni uzito wa sistimu zenu: ile hali ya karani kubonyeza kitufe ili aione ankara moja tu, kisha akakaa ameikabili kompyuta kama abiria wa Likoni anayeitazama feri ingali ng'ambo ya pili. Mmelilalamikia sana, na mmelitolea fedha nyingi. Ila, mniwie radhi, wengi wenu hamjapata kuuliza uzito huo ni wa nini hasa na unakaa wapi.

Mimi ni fundi wa mitandao ya kompyuta, mtu wa kuitwa mambo yanapoharibika na kusahauliwa yanapotengenea, wala sina kinyongo na hilo, kwani ndiyo ada ya kazi za mikono. Kilichonitia kalamu mkononi ni kwamba katika muda wa mwezi mmoja afisi tatu zimeniletea makadirio ya bei za seva mpya ili niyatazame kabla ya kufungwa kwa bajeti, na katika makabrasha yote matatu, yaliyojaa picha za rangi na mihuri ya wauzaji, sikuona karatasi hata moja iliyoeleza sekunde za makarani zinapotelea wapi. Yeyote kati yenu akipokea shehena iliyopungua magunia 20 haagizi meli kubwa zaidi. Huuliza kwanza magunia yalipungukia wapi, melini, gatini, njiani au ghalani. Sijui kwa nini kompyuta hunyimwa insafu hiyo.

Naomba nianze na afisi moja, ambayo jina lake nitalisitiri. Iko ghorofa ya pili, si mbali na bandari ya Kilindini, ina kompyuta 14, na daftari zake zote, yaani ankara, hati za kutolea mizigo, madeni na malipo, zilikuwa katika faili moja la hifadhidata ya Access lililowekwa katika seva ili kila karani alifungue kutoka mezani pake. Aliyeijenga sistimu hiyo alikuwa kijana hodari wa papo hapo afisini, ambaye alikwisha kwenda zake Dubai, na kwa kuwa kazi ilianzishwa na mtu mmoja, alipoondoka ikabaki bila mlezi: mwaka baada ya mwaka faili likanenepa hata likaukaribia mpaka wa faili la Access, ambao ni gigabaiti 2, na mpaka huo hauvukwi kwa fedha wala kwa dua.

Makarani walipoanza kuchelewa, kilichotangulia ni waraka. Mkurugenzi aliandika onyo juu ya uzembe wa chumba cha ankara, akataja majina matatu, na karatasi ikabandikwa ubaoni karibu na mlango. Waraka haukuleta haraka; ikanunuliwa seva, kwa bei ya gari dogo, ikapandishwa ngazi na wachukuzi wawili kwa hadhari kama kitanda cha bibi harusi. Jumatatu ilipofika, ankara zikatoka kwa mwendo ule ule. Ndipo nikaitwa mimi.

Niliitwa Jumapili, ili nisiwasumbue watu wakiwa kazini. Hapa naomba nisimame kidogo, kwa kuwa hili ni kosa ambalo karibu kila afisi hulifanya kwa nia njema. Jumapili hapana maradhi ya kuonekana. Nilifungua ankara nikiwa peke yangu, ya kwanza ikajivuta kidogo, zilizofuata zikafunguka kwa wepesi wa kutia haya, na lau ningalikuwa mtu wa kupenda raha ningaliandika ripoti kwamba sistimu ni nzima na makarani ndio wagonjwa. Nikaomba nirudi Jumanne saa nne asubuhi, wakati kazi imepamba moto. Nikakubaliwa kwa shingo upande.

Meza iliyokuwa karibu na dirisha ilikuwa ya karani mwenye umri wa kunizaa, mmoja wa wale watatu wa waraka. Nilimpa shikamoo, akaniitikia, nikamwomba afungue ankara yoyote aipendayo. Akabonyeza, akakiacha kipanya, na mkono wake wa kuume ukaingia mfukoni ukatoka na tasbihi.

"Usistaajabu, mwanangu," akaniambia. "Mambo ya seva mimi siyajui. Najua hivi: ankara ikiwa ya jana au ya miaka mitano, ikiwa ya kontena moja au kumi, ni punje thelathini na tatu ndipo ukurasa unatoka. Nikiwahi asubuhi, wenzangu hawajafika, ya kwanza huwa vivyo hivyo, lakini ya pili na ya tatu sifiki punje ya tano. Akishaingia mtu mwingine tu, basi, tumerudi kule kule."

Nilivuta kiti nikaketi. Mzee yule alikuwa amepima, jambo ambalo hakuna aliyelifanya katika afisi nzima, na kipimo chake, ingawa ni cha punje, kilitoa shahada mbili. Ya kwanza: ikiwa ankara ndogo na kubwa, mpya na kongwe, zote huchukua muda mmoja, basi mashine haiitafuti ankara hiyo, bali inasoma kitu kingine, kikubwa, kisichobadilika, kila inapoulizwa. Ya pili: ikiwa upweke huleta wepesi na mtu wa pili huuondoa, basi kuna fadhila fulani anayopewa aliye peke yake, nayo hunyang'anywa mwenzake anapoingia. Shahada zote mbili zilikuwa za kweli, na zilikuwa pale afisini, mezani karibu na dirisha, siku zote ambazo wakubwa walikuwa wakijadiliana bei na wauza seva.

Nikafungua katika kompyuta yake kile kidirisha cha Windows kinachoonyesha kiasi cha baiti zinazopita mtandaoni, nikamwomba abonyeze tena. Kwa ankara moja, ambayo ikichapishwa haijazi karatasi, zilipita megabaiti zipatazo 200. Swichi iliyoziunganisha kompyuta ilikuwa ya zamani, ya megabiti 100 kwa sekunde, na kwa kuwa baiti moja ni biti 8, swichi hiyo kwa nguvu zake zote haipitishi zaidi ya megabaiti 12.5 kwa sekunde, na katika hali ya kawaida hupitisha kama 10. Gawanyeni 200 kwa 10 mpate sekunde 20, na punje zilizosalia ni za kompyuta kuyapekua iliyoletewa. Seva mpya ilikuwa na diski za kasi na kumbukumbu tele, lakini utajiri wake wote ulikaa nyuma ya mlango ule ule mwembamba, ambao hakuna aliyeutazama kwa sababu umefichwa juu ya kabati, una vumbi, na haukugharimu kitu cha kukumbukwa siku uliponunuliwa.

Kwa nini megabaiti 200 kwa ankara moja? Hapa ndipo natamani kila mkurugenzi aelewe, kwa kuwa hapahitaji elimu ya kompyuta bali kumbukumbu ya masijala. Nyote mmepata kuiona masijala ya afisi ya zamani: unamwandikia mtunzaji nambari ya jalada kwenye kikaratasi, naye anakwenda kabatini akakuletea. Sasa fikirini mtunzaji asiyejua kusoma. Ukimtaka jalada moja hana hila ila kukuburutia kabati zima mezani, ulipekue mwenyewe, kisha alirudishe. Na mwenzako wa meza ya pili akitaka jalada lake, kabati lile lile lapita tena ukumbini. Faili la Access likiwekwa katika seva hupata mtunzaji wa namna hii. Seva haisomi wala haichagui, hutoa vipande vya faili kama vinavyoombwa, na upekuzi wote hufanyika katika kompyuta ya karani. Mkiiongezea seva hiyo nguvu maradufu, mmeajiri mchukuzi mwenye misuli zaidi. Kusoma bado hajui.

Kinachomwokoa mtu katika masijala kama hiyo ni fahirisi. Rudolf Bayer na Edward McCreight, waliokuwa wakifanya kazi katika kampuni ya ndege ya Boeing mwanzoni mwa miaka ya 1970, ndio waliotutengenezea fahirisi ambayo hifadhidata nyingi huitumia hata leo: funguo hupangwa katika kurasa kama matawi ya mti, na kwa kuwa ukurasa mmoja waweza kubeba mamia ya funguo, hatua tatu au nne zatosha kukufikisha kwenye mstari mmoja kati ya mamilioni. Na fahirisi ilikuwamo! Kijana wa Dubai aliiweka tangu mwanzo. Lakini baadaye, kwa sababu makarani wengine walikuwa wakiingiza nambari za ankara zikiwa na nafasi tupu mbele, aliiagiza programu izivue nambari zote nafasi hizo kabla ya kuzilinganisha, na kwa agizo hilo la heri akaipofusha fahirisi, kwani imepangwa kwa nambari kama zilivyoandikwa, si kama zitakavyokuwa zikishavuliwa. Mashine haikuwa na budi kuushika kila mstari, kuuvua, kuutazama na kuuacha, tangu wa kwanza hadi wa mwisho. Nilizisafisha nambari zilizokuwamo, nikaweka sharti kwamba mpya zisiingie na uchafu ule, nikalifuta agizo. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja, pamoja na chai.

Ama shahada ya pili ya mzee, sababu yake ni desturi ya Windows ambayo ni nzuri kwa mahali pake. Mtu wa kwanza kufungua faili la seva hupewa idhini ya kuweka nakala ya anachokisoma katika kumbukumbu ya kompyuta yake, kwa hoja kwamba, maadamu yu peke yake, hapana atakayekigeuza nyuma ya mgongo wake. Akiingia wa pili idhini hufutwa, na tangu hapo kila kitu sharti kiombwe upya kutoka seva. Kwa hiyo wepesi wa alfajiri haukuwa uzima wa sistimu, ulikuwa fadhila ya upweke, na ndio ulionidanganya mimi Jumapili. Idhini hiyo haiwezi kurudishwa afisi ikiwa na watu, lakini madhara ya kuikosa yaweza kupunguzwa: nilimpa kila karani nakala yake ya fomu na ripoti katika kompyuta yake mwenyewe, nikaacha data peke yake katika seva, na nikaifanya programu ishike mlango mmoja wazi tangu asubuhi hadi jioni, badala ya kuufungua na kuufunga kwa kila swali, kwa sababu kila kufungua huko kulikuwa na shughuli yake ya kuunda na kufuta kijifaili cha kufuli. Swichi nayo ikabadilishwa, ikaja ya gigabiti moja, kwa fedha ambazo mhasibu alizitoa katika sanduku la matumizi madogo.

Siku ya tatu nikapita kumjulia hali mzee. Alibonyeza, akatia mkono mfukoni kwa mazoea, na tasbihi haijatoka ankara imekwisha tokea. Akanitazama kwa lawama ya mzaha.

"Umeninyima uradi wangu, fundi."

Tawi lao la Nairobi, hata hivyo, liliendelea kulia, na kilio chake kilikuwa cha maradhi mengine kabisa, ingawa makarani wa huko walikieleza kwa maneno yale yale: sistimu imelala. Kwa kuwa faili la Access likifunguliwa kupitia njia ndefu laweza kuharibika njia ikikatika katikati ya kuandika, tulizihamisha data zote hadi PostgreSQL, hifadhidata ambayo mtunzaji wake anajua kusoma, tena hutolewa bila malipo. Mombasa wakashangilia. Nairobi ukurasa wa mizigo ukabaki kuchukua zaidi ya sekunde 20. Mkurugenzi, kwa haraka ya mtu aliyekwisha chomwa mara moja, akainunua njia ya intaneti yenye upana mara mbili. Sekunde hazikupungua hata moja.

Upana wa njia na urefu wa safari ni vitu viwili, Waheshimiwa, na wauzaji hutuuzia upana kwa sababu ndio unaouzika. Waliokuwa wakitumia intaneti pwani hii kabla ya mwaka 2009 watakumbuka mazungumzo ya satelaiti, ile ya kusema neno na kungoja. Satelaiti hizo zimetundikwa kilomita 35,786 juu ya ikweta, hata swali kupanda na kushuka, kisha jibu nalo kupanda na kushuka, ni safari ya kiasi cha kilomita 143,000, na nuru yenyewe, ambayo hakuna kinachoishinda mbio, huimaliza kwa karibu nusu sekunde. Kebo za chini ya bahari za TEAMS na SEACOM zilipoingia Mombasa mwaka huo wa 2009 zilileta upana, naam, lakini pia zilitufupishia safari. Grace Hopper, mwanahisabati aliyekuwa afisa katika jeshi la majini la Marekani, alikuwa akiwagawia wasikilizaji wake vipande vya waya vya karibu sentimita 30, ndio umbali ambao nuru huenda katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde, ili wakubwa wafahamu kwa nini ujumbe wa satelaiti huchelewa. Nami ninacho kimoja, nilichokikata mwenyewe. Nilikiweka juu ya meza ya mkurugenzi yule, akakigeuzageuza, akaniuliza kama ni cha kuzibulia mrija.

Nilipopima, swali moja kutoka Nairobi hadi seva ya Mombasa na jibu lake kurudi vilichukua sehemu 40 za elfu za sekunde, ambao si muda wa kumlaumu mtu. Lakini programu, kwa tabia iliyorithi tangu enzi ya faili, ilikuwa ikiomba kwanza orodha ya mizigo, kisha kwa kila mzigo ikarudi kuuliza jina la mteja, ikarudi kuuliza meli, ikarudi kuuliza deni, hata maswali yakafika 600 kwa ukurasa mmoja. Zidisheni 600 kwa 40, mtapata sekunde 24. Mombasa, ambako safari ni nusu ya sehemu moja ya elfu, maswali hayo hayo 600 yalikwisha kwa karibu theluthi ya sekunde, wala hapana aliyejua kwamba yapo. Ni mtoto anayetumwa dukani mara 600, kila mara kitu kimoja. Duka likiwa mlango wa pili humwoni akichoka, na likiwa mbali kumpanulia barabara hakumsaidii. Tangu mwaka 1970, Edgar Codd wa IBM alipotoa rai yake kwamba mwenye kuuliza asilazimike kujua data zimepangwaje ndani, tumepata lugha za kuulizia mambo yote hayo kwa swali moja lililokamilika. Tukaandika maswali mawili mahali pa 600. Ile njia ya mara mbili ingali inalipiwa kila mwezi.

Ziko sababu nyingine, nazo nitazipitia kwa mbio kwa kuwa si ngumu kuziona mtu akizitafuta. Nimekuta programu ya kukinga virusi ikilichungua faili zima la data kila linapoguswa. Nimekuta kazi ya kunakili akiba imepangiwa saa nne asubuhi, kwa sababu aliyeipanga alisoma saa ya Kizungu vibaya. Nimekuta viungio vya kebo vimeota kutu ya chumvi, katika afisi zinazofungua madirisha ya baharini, na waya umepitishwa katika dari juu ya mtambo wa lifti. Nimekuta pia seva na swichi zisizoafikiana, moja imelazimishwa kusema na kusikiliza kwa wakati mmoja na nyingine, kwa kukosa kujibiwa, imejishusha hadi kusema kwa zamu, na hilo ndilo baya kuliko yote, kwa kuwa mtandao wa namna hiyo hujaribiwa kwa ujumbe mdogo ukaonekana mzima, kisha ukipewa mzigo wa kweli ukagongana na kurudia, kugongana na kurudia.

Wala sisemi kwamba seva mpya ni haramu. Diski ya kuzunguka, ile ya mizunguko 7,200 kwa dakika, huweza kusoma mahali tofauti kiasi cha mara 100 tu kwa sekunde, na diski zisizozunguka husoma maelfu kwa maelfu. Ikiwa kipimo kimeonyesha kwamba karani anaisubiri diski, nunueni, nami nitashika upande mmoja wa kuipandisha ngazi. Ninaloomba ni kwamba kipimo kitangulie sahihi. Asiyeweza kukuonyesha kwa maandishi sekunde ngapi zimepotea katika diski, ngapi katika waya, ngapi katika maswali ya programu, hajui anakuuzia dawa ya ugonjwa gani, awe ni muuzaji mwenye tai au ni fundi kama mimi. Mwiteni fundi siku ya kazi, mkubali awasumbue kwa nusu siku, na kabla hajafungua mkoba wake mpelekeni kwa karani mwenye miaka mingi zaidi katika kiti kimoja, amwulize ni lini huwa nyepesi na ni lini huwa nzito, ni ukurasa upi, na nani huwa amekwisha ingia.

Jambo la mwisho si la waya. Wiki iliyopita nilipita katika ile afisi ya ghorofa ya pili kuchukua ngazi yangu niliyoisahau. Waraka wa uzembe ungali ubaoni, pembe zimejikunja kwa unyevu wa bahari, na jina la mzee wa tasbihi ni la pili kutoka juu. Mheshimiwa uliyeutia sahihi, utaijua afisi yako kwa maelezo haya hata kama nimeisitiri kwa wengine. Nakuomba uubandue kwa mkono wako mwenyewe, saa nne asubuhi, wakati wote wapo.

Wenu katika utumishi,
Fundi wa mitandao,
Mombasa.